Gesi Ndani ya Morris Minor

Ukitazama boneti ya Morris Minor kwa mbele utaona utepe wa bati ulioinuka kidogo, umepita katikati kutoka puani hadi karibu na kioo. Wengi hudhani ni pambo. Ni alama ya uamuzi wa dakika za mwisho. Alec Issigonis, mhandisi aliyelibuni gari hilo, alilitazama gari la majaribio akaliona jembamba. Akaagiza lipasuliwe katikati kwa urefu, na nusu mbili zikasogezwa mbalimbali hadi jicho lake likaridhika. Pengo lililopatikana, inchi nne, likawa sehemu ya gari. Boneti ikapewa utepe wa kuziba nyongeza hiyo, na bampa zilizokuwa zimeshatengenezwa zikakatwa na kuungwa kwa kipande cha katikati. Gari likaonyeshwa Earls Court, London, mwaka 1948, likaundwa hadi 1971, na zaidi ya magari milioni 1.6 yakatoka kiwandani. Mengine yalivuka bahari. Wapo wazee Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ambao wakilisikia jina hilo humkumbuka mwalimu mkuu au karani wa serikali aliyekuwa nalo.

Uingereza bado yako mengi barabarani, na baadhi yake yamefungwa mfumo wa gesi ya mitungi, ile inayoandikwa LPG vituoni. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu. Inaokoa pesa, kwa kuwa gesi hutozwa ushuru mdogo kuliko petroli, lakini si hilo linalonivuta. Kinachonivuta ni jinsi fundi mzuri anavyoingiza kitu kipya katika gari la kale bila kulivunjia heshima, na jinsi gesi yenyewe inavyomlazimisha kulijua gari zima kabla hajafungua boksi la vifaa.

Gesi hii ni propani na butani. Ndani ya tenki ni kimiminika kwa sababu imebanwa. Ikiachiwa nafasi inachemka. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe, na ndiyo maana Uingereza, nchi ya asubuhi zenye barafu, vituo huuza zaidi propani. Lita moja ya kimiminika ikishachemka huwa karibu lita 270 za gesi. Aliyepika kwa mtungi ameshaona sehemu ya jambo hili: jiko likiwaka kwa nguvu muda mrefu, mtungi hutoka jasho, kwa kuwa kuchemka kule kunanyonya joto kutoka kwenye chuma. Ndani ya gari jasho hilo linaweza kuwa barafu, na sehemu kubwa ya ufundi ni kulizuia.

Gesi na petroli zilikuwa nyumba moja zamani. Mkemia wa Marekani, Walter Snelling, ndiye aliyezitenga kati ya mwaka 1910 na 1912, alipokuwa akichunguza kwa nini petroli ya wakati ule ilikuwa ikipotea hewani kwa wingi. Ufundi wa kuitumia kwenye magari ulikomaa sana Italia, ambako Renzo Landi alianza kazi mjini Reggio Emilia mwaka 1954, na hadi leo vifaa vingi vya gesi vinavyofungwa magarini Ulaya hutoka huko.

Kwa mwenye gari la zamani ipo sababu nyingine ya kuitazama gesi. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida Uingereza huchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hula mipira ya zamani, hulainisha sili za kabureta, na hukaribisha maji ndani ya tenki la gari linalolala wiki nzima bila kuguswa. Gesi haina ethanoli, haichachi ikikaa, na haioshi oili kwenye kuta za silinda asubuhi injini ikiwa baridi. Ukichomoa dipstiki ya injini iliyotembea kwa gesi maili nyingi, utakuta oili bado ina rangi ya asali.

Lakini petroli ina huruma ambayo gesi haina. Plagi ikichoka, waya ukivujisha umeme, petroli itajikongoja iwake. Gesi inataka cheche yenye nguvu zaidi. Cheche ikikosa mara moja, mchanganyiko wa gesi na hewa uliojaa kuanzia miksa, pete inayoingizia gesi mbele ya kabureta, hadi kwenye valvu unasubiri moto, na moto ukiufikia kutoka nyuma, mlipuko unarudi kupitia kabureta na kurusha kifuniko cha chujio la hewa. Sifa mbaya ambayo gesi imebeba kwa miaka mingi miongoni mwa wapenda magari ya kale naamini imetokana zaidi na watu walioruka hatua hii kuliko na gesi yenyewe.

Kwa hiyo kazi ya gesi huanza bila gesi. Fundi anafungua distributa, anatazama pointi zimeungua kiasi gani, anashika shafti yake kwa vidole kuona kama inacheza. Waya za plagi, rota na kifuniko vinabadilishwa hata kama vinaonekana vizima. Pengo la plagi linapunguzwa kidogo ili cheche isipate shida kuruka. Mgandamizo wa kila silinda unapimwa. Rejeta inasafishwa, kwa sababu maji ya moto yatakuwa na kazi ya pili. Anayepita gerejini siku hizo ataona gari linafanyiwa sevisi tu. Kwangu mimi hizi ndizo siku zinazoamua.

Kisha linakuja suala la umeme, na hapa umri wa gari unajitokeza. Katika Morris Minor bodi nzima imeungwa na upande wa chanya wa betri, kinyume na magari ya leo. Vidude vya kielektroniki vya gesi vimetengenezwa kwa bodi iliyo upande wa hasi. Yupo atakayetenga kila kifaa kwa plastiki na kuacha gari lilivyo. Njia hiyo inaacha mtego kwa fundi atakayekuja baadaye. Iliyo safi zaidi ni kuligeuza gari lote: betri inageuzwa, waya za koili zinabadilishana nafasi, na dainamo inafundishwa upya mwelekeo wake kwa kuigusisha waya wa betri, kitambo kifupi tu, kwenye ncha yake ya koili za sumaku. Cheche moja ndogo, na dainamo inashika mwelekeo mpya. Fundi mwenye adabu hubandika karatasi iliyoandikwa mabadiliko hayo karibu na betri.

Tenki la gesi hukaa butini, limelala kwa upana nyuma ya kiti. Mafundi wa Dar es Salaam wanaofunga mifumo ya gesi asilia watashangaa wepesi wake. Mitungi yao hubeba gesi iliyobanwa kwa bar 200, kwa hiyo kuta zake lazima ziwe nene. Propani kwenye nyuzi 20 inasukuma kwa takribani bar 8 tu. Hata hivyo tenki hujaribiwa kwa bar 30, na valvu yake ya usalama hufunguka kwenye bar 27. Ndani mna boya linalokata ujazaji ukifika asilimia 80, ili kimiminika kikipata joto kiwe na mahali pa kupanukia. Tenki la lita 40 hubeba basi lita 32, kama kilo 16 za gesi, ambazo zitalisogeza gari hili dogo karibu kilomita 300.

Kanuni za Ulaya zinataka vifungo vya tenki vihimili mara 20 ya uzito wake kuelekea mbele, na mara nane kwa upande. Bati la buti la mwaka 1960, lililokwisha kupakwa rangi mara tatu, halitahimili nguvu hiyo kwa bolti peke yake. Fundi anapiga magoti chini ya gari na nyundo ndogo, anagonga akisikiliza. Bati zima hulia. Lililoliwa na kutu hutoa sauti iliyokufa. Palipooza anakata na kuchomelea bati jipya kwanza. Halafu anaweka sahani za chuma upande wa chini, moja kwa kila bolti, ili mzigo usambae. Nimewaona mafundi wakipaka nta ndani ya matundu ya bolti, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika tena.

Propani ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Ikivuja haipandi juu ikapotea. Inashuka na kutandaa sakafuni, ndiyo sababu kazi hii haifanywi kwenye gereji yenye shimo, na milango huachwa wazi. Ndani ya buti valvu za tenki hufunikwa kwa kikasha kisichopitisha hewa, chenye mipira miwili inayoshuka hadi nje chini ya gari. Mipira hiyo inadai matundu mawili sakafuni. Fundi makini hutafuta kwanza kama kiwanda kilishatoboa mahali panapofaa. Mdomo wa kujazia nao haukatiwi tundu kwenye ubavu wa gari, aibu ambayo nimeiona kwenye magari mazuri. Unafungwa kwenye kipande cha chuma chini ya bampa ya nyuma, pasipogusa rangi. Mdomo wa Uingereza hufungwa kwa kuzungusha na haufanani na wa Ufaransa au Italia, kwa hiyo msafiri hubeba kiungio mkobani. Naye atavuka kwa feri, maana treni ya kubeba magari chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa haipokei yanayotumia gesi hii.

Kutoka tenki hadi mbele unapita mrija wa shaba uliovikwa plastiki. Hapa unaweza kumpima fundi bila kumuuliza neno. Tazama chini ya gari. Mrija mzuri umefuata mstari wa bodi, mbali na ekzosi, mbali na mahali pa kuwekea jeki, na klipu zake zimepangika. Karibu na injini umezungushwa duara moja, ili injini ikitikisika shaba ijikunje pale badala ya kupasuka kwenye kiungio. Kisha kila kiungio kinapakwa povu la sabuni na fundi anasubiri. Mvujo mdogo sana huchukua muda kupuliza kiputo. Asiyesubiri hatakiona.

Sasa tufike kwenye ridyusa, kopo la alumini lisilozidi kiganja sana, ambalo ndilo moyo wa mfumo. Kimiminika kinaingia upande mmoja, gesi inatoka upande wa pili, na katikati maji ya moto ya injini yanapita kuleta joto ambalo kuchemka kunalidai. Joto likikosekana, ridyusa inaota barafu nje, kiwambo kinakakamaa, gari linazima. Katika injini ya Morris Minor maji ya hita hutoka kwenye kichwa cha silinda kupitia bomba lenye koki. Fundi asiyefikiri ataunga ridyusa baada ya koki hiyo, na mfumo utafanya kazi vizuri majira yote ya baridi. Siku dereva atakapofunga hita kwa sababu jua limetoka, ridyusa itaganda katikati ya barabara. Kwa hiyo maji ya ridyusa lazima yachukuliwe kabla ya koki, au yapewe njia yake. Ridyusa yenyewe lazima ikae chini kuliko kilele cha rejeta, la sivyo kiputo cha hewa kitajificha ndani yake. Na kiwambo chake kielekee sambamba na safari ya gari, ili breki ikikanyagwa kisiyumbe na kubadilisha kiasi cha gesi. Mambo matatu haya yanagombania nafasi moja chini ya boneti. Uzuri wa Morris Minor ni kwamba nafasi ipo. Issigonis alikuwa amekusudia injini nyingine, pana zaidi, na upana ule ulibaki.

Ndani ya ridyusa msukumo unashushwa kwa hatua mbili, hadi gesi inafika mlangoni ikiwa haina nguvu ya kujitokea. Inangoja kuvutwa. Injini ikivuta pumzi, kiwambo kinasogea na gesi inafuata. Injini ikisimama, kiwambo kinafunga. Juu ya hapo kuna valvu za umeme ambazo bila mapigo ya koili hazifunguki. Gari likigonga na injini ikazima, gesi imefungwa kabla dereva hajafungua mkanda.

Kinachoifanya injini ivute gesi ni miksa, pete ya alumini yenye koo jembamba linaloongeza mwendo wa hewa. Na hapa fundi anakutana na kabureta ya SU. Waliianzisha ndugu wa ukoo wa Skinner, watu wa biashara ya viatu, na za mwanzo zilipumua kwa mfuko wa ngozi badala ya pistoni ya leo. Kabureta hii hupanua na kubana koo lake yenyewe kufuata haja ya injini, kwa hiyo haina koo moja la kudumu la kunyonyea gesi. Miksa lazima iwekwe mbele yake na iwe na koo lake. Likiwa dogo, injini itakabwa mlimani. Likiwa pana, mvuto utakuwa dhaifu na gari halitatulia sailensa. Zipo miksa za kununua, lakini nimependa zaidi zile zinazokatwa kwenye mashine ya kerezo kwa ajili ya gari moja: fundi anajaribu, anatoa unyoya wa alumini, anajaribu tena.

Swichi ya mfumo huu kwenye dashibodi ina nafasi tatu, na ya katikati haina petroli wala gesi. Gari linawashwa kwa petroli hadi maji yapate moto. Kisha dereva anasogeza swichi katikati. Pampu ya petroli inanyamaza, na gari linaendelea kutembea kwa kilichobaki kwenye kikombe cha kabureta. Injini ikianza kusita, gesi inafunguliwa. Akiwahi, injini inakunywa vyote viwili na kukabwa, akichelewa, inazima. Mwenye gari hujifunza kuisikia kusita ile kabla haijatokea. Mifumo ya kisasa hufanya haya yenyewe, lakini katika gari hili ningechagua swichi ya mkono kila mara, kwa sababu inamwacha dereva ndani ya kazi.

Kuliweka sawa ni kazi ya sikio na ya kipimo. Fundi wa petroli amezoea kuchomoa plagi na kusoma rangi: kahawia ni njema, nyeusi ni tajiri mno, nyeupe ni hatari. Gesi huungua bila kuacha rangi ya kusomeka, kwa hiyo elimu hiyo ya maisha inawekwa pembeni na mashine ya kupima moshi inachukua nafasi yake. Cheche nayo inataka kuja mapema zaidi injini ikienda polepole, lakini kasi ikipanda nyongeza hiyo haihitajiki, na wenye subira hubadilisha springi za distributa ili ifuate mkunjo huo. Farasi 48 wa injini ya sentimita za ujazo 1,098 watapungua kidogo, kwa kuwa gesi inachukua nafasi ya hewa. Kupanda mlima uleule kwa petroli na kwa gesi, mara kadhaa, skrubu ikiguswa robo mzunguko kila mara, ndiko kunakopunguza tofauti hiyo hadi dereva asiisikie.

Zimebaki valvu. Risasi iliyokuwa kwenye petroli ililinda viti vya valvu za ekzosi. Uingereza iliiondoa madukani tarehe 1 Januari 2000, na nchi zetu zilifuata hadi kufikia mwanzo wa 2006. Gesi haikuwahi kuwa nayo, na ni kavu. Katika kichwa cha chuma cha zamani, valvu inaweza kuchimba kiti chake taratibu na kuzama. Dawa inajulikana: kuchonga viti vya zamani na kuingiza pete za chuma kigumu. Kwa gari litakalokimbizwa kwenye barabara kuu kila siku ningeshauri zifungwe kabla ya gesi. Kwa gari la kwenda kanisani na sokoni nakubaliana na mafundi wanaopima kwanza, kwa sababu chuma kikishachongwa hakirudi. Pengo la valvu za Morris Minor ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Valvu inapozama, pengo hupungua. Fundi anaandika namba nane daftarini, moja kwa kila valvu, siku gari linapoondoka, anaandika nyingine nane linaporudi baada ya maili elfu moja, na kuendelea hivyo kila sevisi. Injini inaweza kuwa bado inanguruma vizuri na mwenye gari hana malalamiko yoyote. Namba za valvu za ekzosi zikianza kushuka mara mbili mfululizo, kichwa kinashushwa.